UZI: Kazi za lori majuu, na maswali ambayo watu wa jukwaani hawaulizwi

1/ Siku hizi hakuna mkutano wa siasa unaisha bila mtu kuahidi vijana kazi majuu. Mpinzani wake naye anajibu kwamba huko ni kuuza watoto wetu. Leo nachukua kazi moja tu, udereva wa malori, tuone nani anasema nini na kiko wapi. Sitaji mwanasiasa wala chama. (Naandika kutoka Raila, Kibera. Hilo ni jina la mtaa wasee, msianze.)

2/ Kwa nini malori? Mjomba wangu anaendesha trela Mombasa–Kampala, huu ni mwaka wa 14. Juzi alinipigia: "Wewe ndiye unasomea mambo ya serikali. Kuna ajenti anataka 350,000 anipeleke Kanada kuendesha lori. Niuze shamba?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma.

3/ Kwanza, mbona mtu mwenye kazi anataka kuondoka? SGR ilianza kubeba mizigo Januari 2018. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena yapande treni. Mombasa watu wakaandamana, na Oktoba mwaka huo amri ikasimamishwa. Lakini dereva anayelipwa kwa safari alikuwa ameshaona: tangazo moja kutoka ofisini linaweza kuzima jiko lake.

4/ Hoja ya jukwaani nambari moja: "Pesa zinarudi nyumbani." Ni kweli. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, kwa hesabu za Benki Kuu. Ila hizo ni za wote: wauguzi, wahandisi, walinzi, wenye biashara zao. Haziwezi kutumika kama ushahidi kwamba kazi za lori zipo.

5/ Mnakumbuka "nafasi 250,000 Ujerumani"? Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi. Hiyo namba ikasambaa kila mahali. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha, ikasema makubaliano hayana idadi yoyote. Kwa upande wa madereva, kilichoonekana wakati huo ni majaribio mjini Flensburg, madereva wa mabasi kutoka Kenya. Walikuwa watano. Ndiyo, 5.

6/ Marekani je? Agosti 2025 serikali yao ilitangaza kusimamisha viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Kwa hivyo mtu akikuambia baada ya hapo "Marekani wanatafuta madereva, lipa leo", muulize ni kwa viza gani.

7/ Sasa Kanada. Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa sababu leseni si pasipoti. Kule kila jimbo lina masharti yake. Ontario inataka mafunzo yasiyopungua masaa 103.5 kabla ya mtihani wa leseni ya trela, tangu 2017. Aprili 2018 lori liligongana na basi la timu ya hoki ya Humboldt, watu 16 wakafa. Mwaka uliofuata Saskatchewan, Alberta na Manitoba nazo zikafanya mafunzo kuwa lazima. Miaka 14 ya barabara ya Mombasa ni uzoefu mzuri sana, lakini haikupi usukani siku unayoshuka kwenye ndege. Na huko wanaendesha upande wa kulia, kwa theluji.

8/ Halafu pesa. Ajenti alimwambia mjomba kwamba 350,000 ni "ya LMIA". LMIA ni idhini ambayo mwajiri wa Kanada anaomba kwa serikali yake, kuonyesha kwamba kuajiri mgeni hakutaumiza wafanyakazi wa huko. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada. Anayelipa ni MWAJIRI, na sheria yao inamkataza kumrudishia mfanyakazi huo mzigo. Yaani mjomba alikuwa anaombwa auze shamba alipie kitu ambacho hatakiwi kulipa hata shilingi.

9/ Hoja nambari mbili: "Ni kuuza watoto wetu." Hii nayo siimezi nzima. Mjomba ni mtu mzima, ana haki ya kutafuta kazi popote. Wanaopiga hiyo kelele pia mara nyingi hawasemi watampa safari ngapi kwa mwezi akibaki. Swali si aende au asiende. Swali ni nani anamlinda akiamua kwenda. Tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na moja ya kazi zake ni kusajili maajenti. Anza hapo: angalia kama jina lipo. Lakini usajili pekee hautoshi.

10/ Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani na ahadi ya kazi za lori, usimuulize "ni ngapi?" Namba ni rahisi kutaja. Muulize haya matatu:
– Mwajiri anaitwa nani?
– Leseni yetu inatambuliwa vipi huko, na mafunzo analipa nani?
– Dereva anatoa pesa ngapi mfukoni, na mambo yakiharibika analalamika wapi?
Asiye na majibu hana kazi za kugawa. Ana hotuba.

11/ Mjomba alinikasirikia. "Unaniziba riziki." Siku mbili hatukuongea. Baadaye akamuuliza ajenti jina la kampuni ya Kanada. Akaambiwa ni siri ya ofisi. Alipouliza mara ya pili, simu haikushikwa tena. Ile 40,000 ya "kufungua faili" imeenda. Shamba lipo.

12/ Jana amenitumia picha ya foleni ya malori Malaba, usiku. Chini akaandika: "Mwambie huyo wa jukwaani aje alale hapa kwanza, halafu tuongee kazi."

Kama kuna mtu kwenu ameambiwa alipe, mtumie huu uzi kabla hajatuma pesa. Na kama uko huko unaendesha lori, tuambie ulipitia wapi. Nitasoma zote.