Mwanao Akibaguliwa Chuoni Asinyamaze

Vijana wetu wa Lamu, Kilifi na Mombasa wakienda vyuo vya bara, baadhi hukutana na maneno mazito: mwenye kanzu anaitwa gaidi, mwenye lafudhi ya Pwani anaitwa mvivu. Wengi humeza. Wakipiga simu nyumbani, huambiwa, "Subiri mwanangu, umekwenda kusoma." Subira ni njema, lakini haki nayo ina milango yake.

Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa dini, kabila, mavazi na hata lugha. Ibara ya 32 inasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Na Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu uchochezi wa chuki za kikabila kwa faini hadi shilingi milioni 1, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili.

Basi kijana afanye nini? Aandike siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, maneno yenyewe na mashahidi. Ujumbe wa simu asiufute. Apeleke barua kwa ofisi ya maslahi ya wanafunzi, abaki na nakala yenye muhuri. Akitishwa au akipigwa, aende polisi na asitoke bila nambari ya OB. Chuo kikikaa kimya, ipo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu.

Nasi wazazi, tumsikilize kwanza kabla ya kumwambia asubiri. Kijana anayejua nyumbani anaaminiwa haachi masomo upesi.