Fomula Nayo ni Sentensi

Wako wasomaji watakaoshangaa kumwona mhadhiri wa isimu akijitosa katika mambo ya tarakilishi na hisabati, taaluma ambazo zina wenyewe. Nawaomba radhi mapema. Kisa na maana ni kwamba kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikishughulika na mashine ndogo iitwayo ZX Spectrum, iliyotolewa na kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, mnamo Aprili 1982. Katika shughuli hiyo nimejikuta nikirudi kwenye sarufi kila nilipodhani nimeiacha mlangoni.

Kusema kweli, mashine yenyewe sina. Ninayo programu inayoiga kila tendo lake ndani ya tarakilishi yangu ya leo, hata ule ugoigoi wake wa kukokotoa. Spectrum ilikuwa tarakilishi ya nyumbani. Iliunganishwa na televisheni ya sebuleni, programu zake zilihifadhiwa katika kanda za kaseti, na ile ya bei nafuu iliuzwa pauni 125 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Kiwambo chake kilikuwa na nukta 256 kwa upana na 192 kwa kimo, ila mistari miwili ya maandishi upande wa chini ilitengewa mazungumzo baina ya mashine na mtumiaji. Mchoraji alibakiwa na kimo cha nukta 176. Katika kiwanja hicho cha nukta 45,056 ndimo nilimotaka kuchora grafu ya fomula yoyote ile ambayo mtu angependa kuiandika.

Kwa nini nijitie katika taabu hiyo ilhali simu ya mwanafunzi wangu yeyote huchora grafu kufumba na kufumbua? Jibu ni hilo hilo. Simu huficha kazi yote. Spectrum haikuwa na nafasi ya kuficha kitu.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili, na sehemu inayoonekana kuwa ndiyo kazi, yaani kuchora, ndiyo nyepesi zaidi. Kiwambo kina safu wima 256. Kwa kila safu unatafuta thamani ya x, unakokotoa y, unaweka nukta. Amri ya kuweka nukta ni PLOT, na kwenye kibodi cha Spectrum neno hilo zima huingia kwa kubonyeza kitufe kimoja, Q. Basi, umemaliza. Lakini pale grafu inapopanda kwa kasi, nukta zinaachana na unaona ushanga uliokatika uzi. Ukiamua kuziunganisha kwa mistari, unaingia katika dhambi nyingine. Chukua tanjenti. Inapokaribia nyuzi 90 hupaa juu bila kikomo, na ng'ambo ya pili huibuka kutoka chini kabisa. Programu inayounganisha bila kufikiri huchora hapo ukuta wa wima ambao katika hisabati haupo. Yaani mashine imesema uongo, tena kwa mstari ulionyooka!

Steven Vickers, mtaalamu wa hisabati aliyeandika kitabu cha maelezo kilichouzwa pamoja na Spectrum na sehemu kubwa ya lugha yake ya BASIC, aliweka katika kitabu hicho programu fupi ya kuchora grafu. Ndani yake mna hila moja: thamani ikitoka nje ya kiwambo, kalamu inainuliwa, na inaporudi, mstari unaanza upya. Hila hiyo humwokoa mwenye tanjenti. Haimwokoi mwenye fomula inayoruka ghafla katikati ya kiwambo, lakini kwa programu ya mistari michache kama ile, nani atalalamika?

Sehemu ngumu ni ile nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kabla mashine haijachora, sharti iisome fomula. Mtumiaji ameandika mfuatano wa herufi na alama, nao una muundo. Katika tarakilishi nyingi za nyumbani za wakati huo, mathalani Commodore 64 ya mwaka huo huo wa 1982, mwandishi wa programu alipaswa ama kumtaka mtumiaji aingie ndani ya programu na kuuandika upya mstari mmoja, ama aunde mwenyewe kisomaji cha fomula. Kwenye Spectrum, BASIC ilikuwa na amri iitwayo VAL, ambayo hupokea maandishi na kuyakokotoa kana kwamba yalikuwa sehemu ya programu tangu mwanzo. Gharama yake ni muda. Kwa kila safu mashine huisoma fomula upya kama mtu asiyepata kuiona. Sentensi moja husomwa mara 256.

Sasa mpe mashine hiyo fomula SIN x^2, alama ya ^ ikiwa ndiyo ya kipeo. Ichore nini? Niliwauliza wanafunzi wangu wa sintaksia swali hilo ubaoni, na ukumbi ukagawanyika. Wengine walisema x ipandishwe kwanza hadi kipeo cha pili, kisha itafutwe sini yake. Wengine walisema sini kwanza, kipeo baadaye. Spectrum iko upande wa hawa wa pili, kwa kuwa katika ngazi za utangulizi walizompangia waundaji wake, neno kama SIN humtangulia kipeo. Vitabu vingi vya shule viko upande wa wale wa kwanza. Hapana aliyekosea hesabu. Waliyotofautiana ni sarufi tu, tena sarufi ambayo hawakuwahi kufundishwa kuwa ni sarufi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaijua shida hii tangu utotoni. Nikisema "kitabu cha mwalimu kizuri", kiambishi ki- kinakuambia kwamba uzuri ni wa kitabu. Nikisema "kitabu cha mwalimu mzuri", umejua ni mwalimu anayesifiwa. Upatanisho wa kisarufi hapo unafanya kazi ile ile ya mabano katika hisabati, kwa kuonyesha neno lipi limefungwa na lipi. Lakini sema "mtoto wa mwalimu mgonjwa". Mtoto na mwalimu wako katika ngeli moja, mabano yametoweka, na msikilizaji hajui dawa apelekewe nani. SIN x^2 ndiye mtoto wa mwalimu mgonjwa.

Kisha kuna jambo jingine lililonichekesha. Mtu mwenye Spectrum yake mpya bila shaka angetaka kuanza na grafu rahisi kuliko zote, x^2. Angebonyeza kitufe, na mashine ingegoma kabla ya kuweka hata nukta moja. Sababu ni kwamba ilikokotoa vipeo kwa njia ya logi, na nambari hasi haina logi miongoni mwa nambari za kawaida. Kwa kuwa grafu huanzia kushoto, waliko hasi, safari iliishia kizingitini. Dawa ilikuwa kuandika x*x. Maana ni ile ile, lakini sentensi moja inakubaliwa na nyingine inakataliwa. Mwanaisimu hashangai, maana lugha zimejaa visawe visivyoweza kukaa pahali pamoja.

Niruhusu, mpenzi msomaji, nitoe la moyoni. Nilipokuwa kidato cha tatu niliandika sin x² nikikusudia kipeo cha pili cha sini. Nilirudishiwa daftari likiwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, basi. Mwaka huo huo nilikuwa nimeona kwamba sin²x ina maana ya kipeo, ilhali moja hasi ikiwekwa pahali pale pale haina maana ya kipeo tena, bali ya kinyume cha sini, yaani kutoka thamani kurudi kwenye pembe. Nilihitimisha kwamba somo hilo lina siri za wenyewe, nami si mmoja wao. Sijutii kuingia katika isimu. Ninachojutia ni kwamba nilifukuzwa mlangoni na kanuni ya sarufi, mimi niliyeipenda sarufi kuliko kitu chochote.

Walimu wetu wa shule za upili huwafundisha wanafunzi kujaza jedwali la thamani, kuchagua skeli na kuunganisha nukta kwa mkono usiotetemeka. Ni kazi njema, na ndiyo ile sehemu nyepesi ya programu. Ninapendekeza sehemu ya pili nayo iingie darasani: mwanafunzi aunde mwenyewe programu ya kuchora, akatazwe kutumia kichoraji kilicho tayari, apewe safu 256 tu, na aandike kanuni za jinsi fomula itakavyosomwa. Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa lugha waisahihishe kwa pamoja. Shule isiyo na tarakilishi ianze na zile kanuni, kwa karatasi na kalamu.

Nimejaribu na wanafunzi wangu wa isimu, ambao wengi wao waliapa kutoigusa hisabati tena baada ya kidato cha nne. Kanuni walizoleta zilitofautiana sana. Wengine waliifuata Spectrum, wengine vitabu vya shule, na mmoja alidai mabano kila mahali hadi fomula zake zikafanana na wavu wa kuvulia samaki. Msichana mmoja aliandika kwamba programu yake ikikutana na sin x^2 isichore chochote. Isimame, ioneshe fomula hiyo mara mbili ikiwa na mabano mahali tofauti, na imuulize mtumiaji amekusudia ipi.