Uadimu uwe kipimo cha kuhifadhi miamba
Mwamba wa magharibi ya kisiwa cha Chumbe, Unguja, ulifungwa kwa wavuvi mwaka 1994. Hata hivyo, si kila mwamba waweza kufungwa, kwani wavuvi wana watoto wa kulisha. Basi tuchague kwa kipimo gani?

Kuhesabu aina za viumbe pekee hakutoshi. Mwamba wenye aina chache waweza kuwa makao ya mwisho ya kiumbe adimu. Yafaa kuulizwa: kiumbe huyo huonekana sehemu ngapi? Aweza kuishi penginepo? Hapo alipo ni wengi au wachache? Na asiyeonekana huenda hakutafutwa.

Twawasihi maofisa wa serikali wakague miamba pamoja na wavuvi waijuayo kwa majina, ndipo waandike sheria. Mwamba ukichaguliwa kimakosa, mvuvi atanyimwa riziki bure, na kiumbe adimu atapotea vilevile.