Kochi la Kando ya Barabara

Leo twataka kuzungumza na vijana wanaojitayarisha kwenda ng'ambo kusoma, pamoja na wazazi wao. Neno letu ni juu ya viti na magodoro.

Kule Boston, mji wa Marekani ambao sisi Wakenya twaujua kwa sababu ya mbio zake za marathoni, mikataba mingi ya kupanga nyumba huanza tarehe 1 Septemba, hasa ile ya wanafunzi. Basi maelfu ya watu huhama wakati mmoja. Asiyeweza kubeba kitanda au kochi lake hulitoa nje, huliacha kando ya barabara, naye huenda zake. Kuna mtaa uitwao Allston ambako vitu hivyo hujaa mno, hata watu wameiita siku ile Krismasi ya Allston. Jina hilo halitupendezi sana, lakini latuonyesha jinsi wanavyoviona vitu vile: kwao ni zawadi.

Hebu tumfikirie kijana wetu aliyefika juzi. Fedha za harambee zimekwisha kwa nauli na karo, naye alala sakafuni juu ya blanketi. Asubuhi atoka na kukuta kochi zuri, halina hata tundu, na hakuna anayelidai. Moyo wake wamwambia kwamba Mungu amejibu maombi. Sisi twamwambia: ndugu yetu, lipite.

Hatusemi hivyo kwa kuona haya. Ruthu aliokota masazo shambani mwa Boazi, wala Biblia haimdharau. Lakini tuangalie vizuri aliokota nini. Torati, katika Mambo ya Walawi 19, ilimwamuru mwenye shamba asivune pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate. Nafaka ile iliyoachwa ilikuwa ile ile aliyokula mwenye shamba mwenyewe. Tena Boazi alikuwapo. Alimjua Ruthu, akala naye chakula. Je, kochi la barabarani lina nani wa kulisemea? Mwenyewe amekwisha kwenda. Hatujui kama ameliacha kwa sababu gari lilijaa, au kwa sababu hakuweza tena kulikalia.

Hapo ndipo twakuta neno ambalo watu hawapendi kulitaja: kunguni. Mdudu huyu hukaa katika mishono ya kochi na nyufa za mbao mchana, usiku hutoka kunyonya damu. Yai lake lina urefu kama wa milimita moja, ni jeupe, si rahisi kuliona kwenye kitambaa. Huanguliwa kwa muda wa juma moja hivi, na mtoto wake hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa mkubwa. Kunguni mzima aweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwa hiyo kochi lililolala nje siku tatu halijasafika kwa kukaa nje.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa ya D.D.T. iliwapunguza sana kunguni katika nchi tajiri, hata watu wengi huko wakakua bila kumwona hata mmoja. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wamerudi kwa wingi, na wengi wao hawafi tena kwa dawa za kawaida. Wakaguzi wa mji wa Boston wamekuwa wakibandika karatasi za onyo juu ya makochi na magodoro yaliyotupwa. New York nayo, tangu mwaka 2010, yadai godoro lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutolewa nje.

Wazee wa Israeli walijua kwamba kitu chaweza kubeba madhara. Someni Mambo ya Walawi 14. Nyumba ikionekana ina pigo, ilitolewa vyombo vyote, kuhani akaingia kuitazama, kisha ikafungwa siku saba na kutazamwa tena. Hatusemi Musa alikuwa akinena juu ya kunguni! Lakini haraka haikuwapo, wala hakuna aliyechukizwa na mwenye nyumba kwa kwenda kusema.

Sisi hapa nyumbani twaficha. Twadhani kunguni ni alama ya uchafu, kumbe huingia hata nyumba inayopigwa deki kila siku, maadamu kuna mtu anayelala humo. Na anayeficha huwapelekea wenzake: kwa koti, kwa begi, hata kwa kiti cha ushirika. Kijana wetu hakai peke yake. Ana wenzake watatu au wanne katika nyumba hiyo, nao hawakuulizwa.

Naye anayehama asikie pia. Kitabu cha Kutoka 21 chasema habari za mtu aliyechimba shimo asilifunike, na mnyama wa jirani akatumbukia. Mwenye shimo ndiye aliyelipa. Kama godoro lako lina wadudu, lichane na uliandike kwa herufi kubwa.

Basi kijana alalie nini? Meza ya chuma, au kiti cha mbao tupu kisicho na kitambaa, chaweza kukaguliwa kwa kurunzi, ufa kwa ufa, kabla ya kuingia mlangoni. Lakini kochi na godoro aliache. Aulize kanisani, ndugu waliotangulia huwa na kitanda cha ziada, nao wajua kilitoka wapi. Mpaka hapo, wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lile blanketi la sakafuni ndilo mbacha wake.

Na kama kochi limekwisha kuingia? Mwambie mwenye nyumba na wenzako leo hii. Usilisukume chumba kingine. Nguo na mashuka yatiwe katika mashine ya kukausha yenye joto kali kwa nusu saa au zaidi, maana joto huwaua pamoja na mayai yao. Kisha waandikie wazazi. Mama atauliza tu kama unalala.