Mnyoo Aliyewafunza Wataalamu

Mtu akiambiwa kuwa wapo wataalamu wakubwa waliotumia miaka mingi ya umri wao kumchungua mnyoo, huenda akacheka. Atauliza: Je, hawakuona kazi iliyo bora kuliko hiyo, na hali watu wanaugua na kufa? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lafaa kujulikana katika kila nyumba yenye kijana asomaye.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, nazo ni mamilioni ya mamilioni. Ni nani awezaye kuzifuata moja moja tangu mimba hata utu uzima? Kwa sababu hiyo mtafiti hutafuta kiumbe kilicho rahisi, ambacho kazi za uhai wake zafanana na zetu, akakifanya kielelezo. Wengine wamechagua nzi wa matunda, wengine hamira, wengine panya.

Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Cambridge, Uingereza, alipendekeza mwaka 1963 achunguzwe mnyoo mdogo asiyemdhuru mtu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Caenorhabditis elegans. Urefu wake ni kama milimita 1, na chakula chake ni bakteria. Hukua kutoka yai hata utu uzima kwa siku 3 hivi, naye ni mwangavu, hata seli zake huonekana kwa hadubini angali hai.

Njia ya Brenner ilikuwa hii: aliwatia minyoo dawa ya kuharibu jeni, kisha akatafuta katika wazao wao yule mwenye kasoro, kama asiyeweza kutambaa sawasawa. Kasoro ikishajulikana, hutafutwa jeni iliyoharibika. Ni kama fundi atoaye gurudumu moja katika saa ili aone ni mshale upi utakaosimama.

Mwenzake, John Sulston, alishika njia ya kutazama tu. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu aliinamia hadubini mara mbili kila siku, saa nne kila mara, akiandika kila seli inavyogawanyika ndani ya yai. Mwaka 1983 yeye na wenzake wakatangaza nasaba kamili ya seli za mnyoo huyo. Wakati wa kukua kwake huzaliwa seli 1,090. Katika hizo 131 hufa, zikabaki 959. Na ajabu ni kwamba zinazokufa ni zile zile katika kila mnyoo.

Basi kifo hicho si ajali, bali ni sehemu ya ujenzi wa mwili. Hata mkono wa mtoto tumboni huanza kama kasia, kisha seli zilizo baina ya vidole hufa, vidole vikaachana. Huko Marekani, Robert Horvitz alizigundua jeni za mnyoo zinazoamuru kifo hicho. Tena mwaka 1992 watafiti walimtia mnyoo jeni ya mwanadamu iitwayo BCL-2, ambayo huzuia seli kufa. Nayo ikazizuia seli za mnyoo vile vile!

Hapa ndipo penye jibu la yule aliyecheka. Katika saratani nyingi, seli zipaswazo kufa hukataa kufa. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha venetoclax, dawa inayoizuia BCL-2, kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Mnyoo peke yake hakuileta dawa hiyo, lakini alisaidia kuonyesha jinsi seli zinavyoamriwa kufa. Brenner, Sulston na Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Walakini kielelezo si kitu chenyewe. Mnyoo huyu hana moyo wala mapafu, na linalomfaa yeye huenda lisitufae sisi. Kwa hiyo kila dawa sharti ijaribiwe kwa uangalifu kwa wanadamu pia. Lakini wazee walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Kijana anayetaka elimu na asidharau kilicho kidogo, wala asichoke kutazama.