Kosa la Mlipaji Lisiwe Deni la Askari

Mwezi Oktoba mwaka 2016 ilifahamika kwamba askari wapatao 10,000 wa Jeshi la Walinzi wa Taifa, katika jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakidaiwa fedha walizokwisha kuzitumia. Fedha hizo, dola 15,000 au zaidi kwa wengi wao, walipewa miaka mingi nyuma ili wakubali kuendelea na utumishi wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan. Baadaye wakaguzi walikuta kwamba wengi hawakustahili kulipwa. Waliokosea, wengine kwa hila, ni maafisa waandikishaji. Lakini hati za madai zilipelekwa kwa askari. Malalamiko yalipozidi, Waziri wa Ulinzi, Ashton Carter, aliamuru tarehe 26 Oktoba madai hayo yasimamishwe.

Habari hiyo ina funzo hata mjini Mbarara, yalipo makao ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda. Mwaka 2003 Uganda ilichunguza suala la askari hewa, yaani mishahara iliyochukuliwa kwa majina ya watu wasiokuwapo. Huo ni wizi, na mwizi hana budi kurudisha. Lakini askari aliyepokea kwa nia njema alichohesabiwa na karani amekwisha kulipa karo na kununua chakula.

Hazina ina haki ya kudai mali ya umma. Haina haki ya kumtwisha mdogo kosa la mkubwa. Kwanza ithibitishwe nani alikosea; askari asikilizwe; kisha, ikibidi, akatwe kidogo kidogo, watoto wake wasilale njaa.