Kuwaka, Kuamka na Kufufua: Istilahi za Kuokoa Mafaili ya Kompyuta

Mfasiri mmoja tunayemfahamu alipeleka kompyuta yake mpakato kwa fundi baada ya kuibonyeza asubuhi nzima bila mafanikio. Alipoulizwa ina nini, alijibu kwa neno moja: "Imekufa." Kijana wa dukani akaitazama, kisha akauliza, "Mzee, nikupigie windo?" Mzee huyo, ambaye maneno hayo alikuwa ameyasikia tu bila kuyajua, akajibu, "Piga." Baada ya saa mbili alikabidhiwa mashine inayofanya kazi barabara, nyeupe mithili ya karatasi mpya. Tafsiri aliyoishughulikia kwa miezi saba haikuwamo. Fundi hakudanganya, kwani aliombwa kutengeneza mashine, naye akaitengeneza. Kilichokosekana baina yao ni istilahi.

Katika makala haya tunakusudia kuyapitia maneno yanayohusika na jambo hilo, kwa kuwa watumishi wa ofisi, walimu na wafasiri siku hizi huweka kazi zao zote ndani ya mashine moja, na siku mashine hiyo inapogoma huwabidi kueleza tatizo kwa lugha ambayo bado haijakaa sawa.

Tuanze na neno kufa. Kiswahili ni karimu kwa neno hili: saa hufa, redio hufa, hata desturi hufa. Lakini kwa kompyuta, neno hilo hufunika hali tatu zisizofanana. Yaweza kuwa mashine haipati umeme kabisa: hakuna taa, hakuna mvumo wa feni. Yaweza kuwa umeme umeingia na kila kitu kinakwenda, ila kioo ndicho kilichoharibika. Au yaweza kuwa nembo ya mtengenezaji inatokea kiooni, kisha mashine inasimama hapo hapo, au inajizima na kuanza upya bila kikomo.

Twapendekeza kutenganisha kuwaka na kuamka. Kuwaka ni habari ya umeme, kama taa inavyowaka. Kuamka ni habari ya mfumo endeshi, yaani zile programu za msingi ambazo mashine huzisoma kutoka katika diski kila inapowashwa. Waingereza kwa dhana hii ya pili walichukua taswira ya mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Taswira hiyo haimwambii kitu mtu wa kwetu, wala hatuoni sababu ya kuibeba. Kitenzi amka kinatosha, tena kinanyumbulika vizuri: amsha, amshia, flashi ya kuamshia. Zaidi ya hayo, kinasema kweli. Asiyeamka si lazima awe amekufa.

Na hapa ndipo penye faida. Katika hali zote tatu tulizozitaja, mafaili aghalabu yamo salama katika diski, kwa sababu kilichoharibika ni chaja, kioo, bodi au mfumo endeshi. Mtu akisema "haiwaki", fundi ataanza na chaja na betri. Pengine itatosha kuchomoa chaja na kubana kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha kujaribu tena. Akisema "inawaka lakini kioo ni cheusi", itaunganishwa na televisheni au kioo kingine, na huenda kazi yote ikaonekana pale pale. Akisema "inawaka ila haiamki", itaamshwa kwa njia nyingine. Lakini akisema "imekufa", atapigiwa windo.

Kupiga windo, kwa lugha ya mafundi, ni kuusimika upya mfumo wa Windows. Neno lenyewe hatulidharau. Limezaliwa mtaani kama kupiga pasi na kupiga rangi, na linaeleweka. Ubaya wake ni kwamba halitaji linachoharibu. Kazi hiyo mara nyingi hutanguliwa na kufomati, na hicho ndicho kitendo ambacho mwenye mali angepaswa kuulizwa.

Ili kueleza kufomati kwa watumishi wa serikali hatuna mfano bora kuliko masjala. Katika masjala kuna majalada rafuni, na kuna daftari linaloonyesha kila jalada liko wapi. Diski nayo ina maudhui, na ina orodha ya mahali pa kila faili. Ukifuta faili kwa njia ya kawaida, hata ukimwaga pipa la taka, kinachoondolewa ni mstari katika daftari; jalada lingali rafuni mpaka nafasi yake ichukuliwe na jingine. Ukifomati kwa haraka, daftari zima hutupwa na jipya hufunguliwa. Kisha mfumo mpya huingia na majalada yake mengi na kuyapanga popote panapoonekana patupu, hata juu ya yale ya zamani.

Kwa hiyo kitenzi kufuta, ambacho programu nyingi za Kiswahili hukitumia, hakilingani hasa na tendo lake. Anayefuta ubao huacha ubao mtupu. Hata hivyo neno limekwisha kuenea na hatuoni busara kulipinga; tunashauri tu kwamba pale maudhui yenyewe yanapoangamizwa, isemwe kufutilia mbali.

Tofauti hii ilikuwa na uzito mkubwa zaidi zamani, diski zote zilipokuwa za sahani zinazozunguka. Katika diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka na ambazo ndizo zilizomo katika kompyuta mpakato nyingi za leo, mfumo endeshi huiarifu diski kwamba nafasi fulani haina kazi tena, nayo diski huanza kuisafisha yenyewe. Jalada huondoka rafuni muda mfupi baada ya mstari kukatwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mfasiri wetu. Aliporudi siku ya pili kuuliza, hapakuwa na cha kutafuta.

Tendo la kuokoa nalo twalivunja mara tatu. Kunakili mafaili ambayo yangali mazima katika mashine isiyoamka tunakuita kuyatoa. Kuyatafuta yaliyokwisha kufutwa tunakuita kuyafufua, na msomaji atatambua kwamba hakuna anayeahidi ufufuo. Kuyachukua kutoka katika nakala rudufu iliyowekwa mapema ni kuyarejesha. Maneno haya matatu yanatumiwa ovyo katika matangazo ya maduka, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Kutoa ndiko kwepesi. Flashi ya GB 8 au zaidi huandaliwa katika kompyuta nyingine kwa kuwekwa mfumo huria kama Ubuntu. Mashine huwashwa huku kimebanwa kitufe cha kuchagulia chanzo, ambacho hutegemea mtengenezaji, kwa mfano F12 au Esc. Kisha huamka kwa flashi badala ya diski yake. Hapo mtumiaji huulizwa kama anataka kujaribu au kusimika. Achague kujaribu. Kusimika ni kule kule kupiga windo kwa jina jingine. Baada ya hapo hufungua diski ya ndani na kunakili kazi zake katika diski ya nje. Ikiwa Windows haikuzimwa sawasawa, mfumo huria waweza kuifungua diski kwa kusoma tu. Msomaji asihangaike, kwa kuwa kusoma ndiko anakokutaka.

Mashine isiyowaka kabisa hufunguliwa kwa bisibisi, diski ikatolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa kijikasha chenye waya wa USB. Njia hii haifai kwa kila mashine. Katika kompyuta mpakato za Apple zenye chipu za kampuni hiyo yenyewe, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, hifadhi imefungamanishwa na chipu, na kuitoa hakumsaidii mtu.

Kikwazo kingine ni usimbaji fiche. Diski nyingi zenye Windows siku hizi zimefungwa kwa BitLocker, pengine bila mwenyewe kujua. Ikitolewa, itadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtumiaji au kwa wasimamizi wa mitambo wa ofisi yake. Pasipo ufunguo huo mafaili yapo lakini hayasomeki. Wengine wametuandikia wakitaka tuseme fumbo badala ya usimbaji fiche, nasi twakiri kwamba neno hilo ni fupi na zuri zaidi. Lakini fumbo huweza kufumbuliwa na mwenye akili, ilhali hili halifumbuki kwa akili.

Diski inayogonga, yaani inayotoa sauti ya tik-tik mfululizo, ni ya sahani, na sehemu zake zinazojongea zimeharibika. Hiyo izimwe mara moja. Kila dakika inapowaka yaweza kukwangua maudhui. Mafundi wa kazi hii huinakili diski nzima kwanza, kwa programu kama ddrescue, ambayo huruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, kisha hutafuta mafaili katika nakala, si katika diski yenyewe.

Limebaki tatizo la jina la ile diski nyembamba mfano wa kipande cha ubani ambayo huchomekwa moja kwa moja katika bodi. Wauzaji huiita kwa herufi na tarakimu za kiwandani, na kuiita diski ni kuzoea tu, maana haina umbo la kisahani. Tumeletewa kumbukizi, kijihifadhi na diski bapa. La kwanza limekwisha kushikwa na dhana nyingine, la pili halitofautishi kitu. Wasomaji wanaofahamu neno linalotumiwa na mafundi wa miji yao watuletee, pamoja na sentensi walimolisikia.